Moto Mdogo, Utando Mwembamba: Mafuta ya Mimea kwenye Vifaa vya Tiba

(Hotuba hii niliitoa Tanga mbele ya wauguzi, mafundi wa vifaa tiba na wanafunzi wa maabara. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokuwa zamu wakashindwa kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.)

Ndugu Mwenyekiti, wakubwa zangu shikamooni, wauguzi, mafundi, na vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, habari za asubuhi.

Nianze na mpira wa mkojo. Najua wapo waliokuja wakitarajia nianze na mitambo na umeme, na huko tutafika. Lakini kabla hatujazungumzia dawa ya jambo, ni vizuri tulitazame jambo lenyewe kwa macho.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikimuuguza babu yangu, aliyekuwa na tatizo la tezi dume, katika hospitali moja ambayo sina haja ya kuitaja. Mpira wake ulikuwa katika wiki ya tatu. Usiku mmoja mkojo uliacha kushuka. Mfuko ukabaki mtupu, tumbo la chini likajaa kama ngoma, na mzee ambaye hakuwa na kawaida ya kulalamika akaanza kumwita mama yake, aliyefariki zamani. Muuguzi wa zamu akaja, akajaribu kuuzibua mpira kwa maji na bomba la sindano, maji yakakataa kupita, akautoa na kuweka mwingine. Babu alipotulia nilimwomba yule dada anionyeshe ule uliotoka. "Kaka, huu wa nini tena? Huu ni wa kuchomwa," aliniambia, lakini akiwa bado amevaa glavu alichukua mkasi, akaupasua kwa urefu juu ya kibakuli cha chuma. Ndani hapakuwa na njia. Palikuwa na ukoko wa rangi ya maziwa yaliyochacha, mgumu kiasi cha kukwaruza mkasi, mfano wa ule unaojijenga ndani ya birika la nyumba inayotumia maji ya kisima. Na chini ya ukoko, pale ncha ya mkasi ilipogusa plastiki yenyewe, palikuwa na kitu laini kinachoteleza.

Ndugu zangu, nani aliujenga ule ukoko?

Mjenzi wake mkuu kwa kawaida ni bakteria aitwaye Proteus mirabilis. Huyu anacho kimeng'enya cha kuivunja urea iliyomo kwenye mkojo na kutoa amonia. Amonia inaugeuza mkojo kuwa wa alkali, na chumvi za magnesi na kalsi zilizokuwa zimeyeyuka zinashindwa kubaki kwenye maji, zinaganda kuwa mawe. Lakini mawe huja baadaye. Kinachotangulia ni ule utelezi wa chini. Bakteria wachache wanafika kwenye plastiki, wanashika, wanazaana, kisha wanatoa ute wa sukari na protini unaowafunika wote kama paa. Kila mmoja wetu ameushika utelezi wa namna hiyo: ndani ya ndoo ya maji isiyosuguliwa wiki nzima, na kwenye meno yake mwenyewe asubuhi kabla ya mswaki. Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndani ya mpira wa mkojo anayejenga ukuta ni bakteria, na ufa ni ule uso mtupu wa plastiki tuliomwachia sisi.

Wauguzi mnazijua hesabu zake kuliko mimi. Kila siku moja ambayo mgonjwa anakaa na mpira, uwezekano wa kupata bakteria kwenye mkojo unaongezeka kwa asilimia kati ya 3 na 7. Fanyeni hesabu ya siku 30. Karibu kila mgonjwa anakuwa nao. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilisema kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 15 kati ya kila 100 wanaolazwa katika hospitali za matibabu ya dharura na ya muda mfupi hupata angalau ambukizo moja humohumo hospitalini. Katika nchi tajiri ni 7. Vifaa tunavyoviingiza mwilini kwa nia njema, yaani mpira, kanula ya kwenye mshipa, bomba la kupumulia, ni miongoni mwa milango mikubwa ya maambukizo hayo.

Je, si tuwape antibayotiki? Tunawapa. Lakini bakteria aliyejificha ndani ya utelezi huvumilia dozi ambayo ingemuua mara mia akiwa anaogelea peke yake. Wengine ndani humo wamelala, hawali wala hawagawanyiki, na dawa nyingi humkamata anayefanya kazi, si aliyelala. Tukiongeza dozi tunawafundisha waliobaki. Mwaka 2019 vifo takriban milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu kwa dawa. Kwa hiyo swali linalowaumiza watu vichwa katika fani yangu si dawa gani imuue bakteria aliyekwisha kujenga. Swali ni hili: uso wa kifaa uweje ili asishike kabisa?

Sasa tuingie kwenye plazma, njia mojawapo ya kuutengeneza uso wa namna hiyo. Wauguzi, naomba radhi, hii si ile ya damu. Inasimuliwa kwamba Irving Langmuir, mkemia wa Marekani aliyelipa jambo hili jina mwaka 1928, alikumbuka jinsi maji ya damu yanavyobeba seli, na ndiyo maana majina yamegongana. Plazma yetu ni gesi iliyopigwa na umeme hadi elektroni zikang'oka kwenye atomu zake. Mnaiona kila usiku ndani ya taa ya tyubu, na mnaiona radi inapopiga. Tofauti ni kwamba ya radi huunguza, na ya tyubu unaweza kuigusa kwa juu bila kuungua, kwa sababu elektroni zake pekee ndizo zenye joto kali huku gesi yenyewe ikibaki karibu na joto la chumba. Shikeni jambo hilo la joto la chumba, maana bila hilo tusingeweza kuugusa mpira wala plastiki yoyote.

Mtambo wenyewe, mafundi, hautawatisha. Chukua bomba nene la kioo. Nyonya hewa yote kwa pampu hadi libaki ombwe. Pembeni weka kichupa chenye mafuta ya mmea na fungua koki kidogo; kwa kuwa ndani hakuna hewa ya kuyakandamiza, mafuta yanatoa mvuke bila kuchemshwa na mvuke unaingia bombani wenyewe. Nje ya kioo vimefungwa vipande vya shaba vilivyounganishwa na jenereta ya masafa ya redio, ambayo kwa kawaida ni megahezi 13.56. Washa. Bomba linang'aa kwa mwanga wa zambarau, na ndani ya mwanga huo molekuli za mafuta zinavunjika vipande, vipande vinatafutana, vinashikana juu ya chochote ulichokiweka humo, na vinajisuka kuwa utando wa polima, yaani kitu cha jamii ya plastiki. Hakuna kiyeyushi kinachotumika wala gundi, na huhitaji kukausha kwenye oveni. Unene wake ni mamia ya nanomita. Unywele wa mtu una nanomita kama 80,000, basi kadirieni wenyewe.

Mafuta gani, sasa? Hapa ndipo ninapopapenda, niwieni radhi nikikaa kidogo.

Kaskazini ya pwani ya New South Wales, nchini Australia, upo mti uitwao kisayansi Melaleuca alternifolia. Wenyeji wa pale, watu wa Bundjalung, wametumia majani yake kwa vidonda tangu zamani. Katika miaka ya 1920 mkemia wa Sydney, Arthur Penfold, aliyapima mafuta yake akayakuta yana nguvu ya kuua vijidudu zaidi ya mara 10 ya asidi ya kaboliki, ambayo ndiyo ile Joseph Lister aliyoanza kusafishia vidonda mwaka 1865. Waaustralia wanauita mti wa chai, ingawa hauna undugu wowote na chai yetu ya Lushoto. Undugu wake uko kwingine, na unatuhusu: ni wa familia moja na mkaratusi, mpera, mzambarau na mkarafuu.

Kilicho kikubwa ndani ya mafuta hayo ni molekuli iitwayo terpineni-4-oli, yenye kaboni 10, hidrojeni 18 na oksijeni 1. Katika Chuo Kikuu cha James Cook, mjini Townsville, Mohan Jacob na Kateryna Bazaka pamoja na wenzao waliichukua molekuli hiyo, wakaipitisha kwenye plazma na kufunika vipande vya kioo. Katika kazi waliyoitoa mwaka 2011 walionyesha kwamba mikwaruzo ya uso wa kioo ilipungua kutoka nanomita 2.1 hivi hadi 0.4, na kwamba Staphylococcus aureus, yule wa majipu na vidonda vya upasuaji, alishika kwa uchache sana kuliko kwenye kioo kitupu, akatoa ute kidogo, na hakuzaana kwa kasi yake ya kawaida. Awali walikuwa wameyaona yanayofanana na hayo kwa Pseudomonas aeruginosa, anayejulikana sana wodi za waliounguzwa na moto. Huko Melbourne, wenzao wa Chuo Kikuu cha Swinburne wamesuka utando kutokana na sineoli, ile harufu mnayoivuta mkijifukiza kwa majani ya mkaratusi.

Lakini funzo kubwa, kwa maoni yangu, limo kwenye kazi nyingine ya Townsville ya mwaka 2017, iliyotumia mafuta ya mmea wa jerani. Waliyapitisha mafuta yaleyale, kwenye mtambo uleule, kwa nguvu tofauti za umeme, kuanzia wati 10 hadi wati 100. Mnadhani utando gani ulikuwa bora?

Kijana mmoja pale nyuma amesema wa wati 100. Nakushukuru, kwa sababu hata mimi ningesema hivyo.

Mama yangu alikuwa na kikaangio cha chuma alichokitumia kwa kazi moja tu, kukaanga bizari. Alikuwa anasogeza kuni mbili pembeni, anabakiza moja, na anakaa pale na mwiko bila kusema na mtu. Tukimuuliza kwa nini asiongeze moto amalize, anajibu: "Ukiongeza moto utapata mkaa wenye rangi ya bizari." Nyumba nzima ilijaa harufu, na harufu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa Townsville. Utando uliosukwa kwa wati 10 ndio uliowapunguza bakteria wa aina tatu, Staphylococcus aureus, Pseudomonas aeruginosa na Escherichia coli, kuliko kioo kitupu na kuliko tando za nguvu kubwa. Kwa moto mdogo molekuli inavunjika kiasi cha kuweza kushikana na jirani yake, lakini sehemu zake zenye oksijeni, zile zinazomsumbua bakteria, zinabaki. Kwa moto mkubwa kila kitu kinasagwa. Unapata polima nzuri, safi, ngumu, ambayo haina kumbukumbu yoyote ya mmea ilikotoka. Ni mkaa wenye rangi ya bizari.

Nimesema ngumu kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo ulipo ugomvi. Vipimo vyao vilionyesha kwamba ugumu wa utando unaongezeka kadiri nguvu ya umeme inavyoongezeka. Yaani unaomzuia bakteria vizuri ndio ulio laini, na unaostahimili kukwaruzwa ndio uliopoteza kazi. Mafundi, mnauona mtego? Daktari anataka utando wa wati 10. Anayesugua vifaa kwa brashi kwenye sinki anataka wa wati 100. Mtu akija kukuuzia kifaa kilichofunikwa kwa mimea akakwambia kina yote mawili bila kukuonyesha vipimo, mkaribishe chai, lakini usimpe hundi.

Na mfano ninao. Katika maonyesho fulani ya biashara nilikutana na muuzaji wa vifaa vya kufungia vidonda ambavyo, kwa maneno yake, vilikuwa na "teknolojia ya mimea". Nilipofungua pakiti moja harufu ilinipiga hadi kwenye macho. Akafurahi: "Umeisikia nguvu yake, mzee?" Nilimwambia, mwanangu, hayo ni mafuta yaliyopakwa tu, kesho yatakuwa yamekwenda hewani au yamemwingia mgonjwa kwenye kidonda. Utando wa plazma uliosukwa barabara haukupigi pua namna ile, kwa kuwa molekuli zake zimefungana na haziruki tena. Hatukuelewana, na sikununua.

Niseme wazi zaidi, maana wapenzi wa mitishamba ni wengi humu na mimi ni mmoja wao. Yanayotoka ndani ya lile bomba la kioo si mafuta ya mmea tena. Ni kitu kipya ambacho hakijawahi kuota shambani. Usalama wa mafuta ya jani hauwi ushahidi wa usalama wa utando, na sifa ambazo bibi zetu waliipa dawa hazihamii kwenye polima kwa sababu tu jina limefanana. Lazima kipimwe upya: je, kinaua seli za mgonjwa, kinachubuka, kinaishi siku ngapi ndani ya mkojo au damu? Mwili nao una hila zake. Kifaa chochote kinapogusa damu, protini hukifunika ndani ya muda mfupi sana, na bakteria anayekuja baadaye anakuta zulia limekwisha tandikwa juu ya utando wako.

Tayari tumeonywa. Mipira ya mkojo iliyofunikwa kwa madini ya fedha ilifanya vizuri maabara na ikauzwa kwa bei yake. Mwaka 2012 Waingereza walichapisha jaribio kubwa katika jarida la The Lancet, wagonjwa zaidi ya 7,000 katika hospitali 24, waliovaa mpira kwa muda mfupi. Mpira wa fedha haukuleta tofauti ya maana katika maambukizo yenye dalili ukilinganishwa na wa kawaida. Kioo cha maabara na kibofu cha mkojo ni mahali pawili tofauti. Hizi kazi za Townsville na Melbourne ni za kioo cha maabara bado.

Kwa hiyo sisi wa hapa tufanye nini, tukae tusubiri? Sioni hivyo. Tazameni karafuu. Pemba kuna kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, na kilichojaa ndani ya mafuta hayo ni yujenoli, ambayo daktari wa meno yeyote anaichanganya na oksaidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Molekuli hiyo ina mkia wenye kifungo maradufu, na kifungo cha namna hiyo ndicho ambacho plazma hukifungua kwa urahisi kuliko vingine na kukitumia kushonea. Mkemia akiiangalia karatasini anatamani kuijaribu kwa wati 10.

Lakini hatuanzi na kununua mtambo. Tunaanza na mafuta yenyewe. Mafuta ya Melaleuca yana kiwango cha kimataifa kinachosema kila kijenzi kisipungue hapa wala kisizidi pale, na ndiyo maana mtafiti wa Townsville na wa kwingine wanaweza kulinganisha majibu yao. Mafuta ya mmea hubadilika kwa udongo, kwa msimu, na kwa saa ambazo mkamuaji ameyaacha jikoni. Ukiyaingiza kwenye plazma bila kujua yana nini, leo utando utashika, mwezi ujao utakataa, na hutajua wa kumlaumu. Wanafunzi wa maabara, hiyo ni kazi yenu, na inaanza na mashine ya kuchambua mvuke ambayo baadhi ya vyuo vyetu vinayo na inafunikwa kitambaa.

Mafundi, nanyi mnayo yenu. Kabla kifaa chochote kilichofunikwa hakijapokelewa stoo, ulizeni mambo ya sinki na ya otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa joto kali: kilipimwa baada ya kuloweka mara ngapi kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.5? Baada ya mizunguko mingapi ya nyuzi 121, au 134? Kwa mpira wa mkojo maswali hayo hayana uzito, kwa kuwa unatumika mara moja na kuchomwa, na ndiyo sababu mimi ningeanza na mpira na si mkasi wala koleo. Utando laini wa wati 10 haupigwi brashi huko.

Wauguzi, hamhitaji mtambo wowote kuanza. Andikeni tu kwenye faili tarehe mpira ulipowekwa, tarehe ulipoziba, na kama ulipasuliwa, kulikuwa na nini ndani. Siku mpira wenye utando utakapoletwa kujaribiwa, hatutakuwa na cha kuulinganisha nao kama hatujui ya kawaida inaziba siku ya ngapi. Na muutoe mapema mgonjwa asipouhitaji. Hakuna utando unaoshinda mpira ambao haupo.

Nimeweka vipande viwili vya kioo hapa mezani, nilivyopewa na mwenzangu wa maabara. Kimoja kimefunikwa na kimoja ni kitupu, na kwa macho hamtavitofautisha, kwa kuwa utando unapitisha mwanga tunaouona. Pembeni kuna kidondoshi na kikombe cha maji safi. Dondosheni tone moja kwenye kila kipande, kisha inameni mtazame kwa ubavuni: kwenye kitupu tone litatandaa kama limemwagika, na kwenye kilichofunikwa litasimama kidogo, limejikunja. Njooni safu kwa safu, wakubwa mtangulie, na tafadhali msivishike kwa vidole.